Genge dogo linalotaka dunia nzima: lipange hivi

Msomaji wa Tororo, mashariki mwa Uganda, ametuandikia: “Nachora katuni ya Kiswahili kuhusu genge la wahalifu watano wanaotaka kuitawala dunia. Nimewaiga Headmen, genge la wahalifu katika katuni za Marvel za Marekani, kila mmoja ana kichwa cha ajabu. Wawili wana nguvu za moto na radi, watatu ni wanasayansi, na maskani yao ni kisiwa chenye volkano. Nimefika ukurasa wa 40, lakini wanaoisoma hawaogopi wala hawacheki. Niwaongezee nguvu, au nianze upya?”

Usiwaongezee nguvu hata kidogo. Udogo wa genge lako si kasoro. Kasoro ni kwamba mpango wao haufiki popote hata wakiachwa wafanye watakavyo. Mhalifu mdogo huaminika pale msomaji anapoweza kuufuata mpango wake hatua kwa hatua na kukiri kwamba hapa kweli jamaa angefaulu. Halafu mpango huo uvunjwe na wao wenyewe, kupitia ufa uliouonyesha mapema. Ngumi ya shujaa ije baadaye, na hata isipokuja hakuna kitakachoharibika.

Kwa Headmen umechukua sura ukaacha gundi. Wahusika watatu wa mwanzo wa genge lile hawakubuniwa pamoja. Walitoka katika hadithi tatu fupi za kutisha zisizohusiana, za 1954, 1958 na 1960. Mwaka 1974 hadithi hizo zilichapishwa upya zote katika toleo moja la jarida la Weird Wonder Tales, na mwandishi Steve Gerber akawaunganisha kuwa genge katika toleo la 21 la The Defenders, 1975. Arthur Nagan ni daktari wa upasuaji aliyewaibia gorila viungo ili awapandikizie watu, mpaka gorila wakamgeuzia kibao na kichwa chake kikaishia juu ya kiwiliwili cha gorila. Jerold Morgan alifanya majaribio ya kupunguza ukubwa wa vitu. Mifupa yake ikasinyaa, ngozi ikabaki na ukubwa wake wa zamani ikimning’inia usoni. Chondu ni mtu wa mazingaombwe na elimu za siri. Baadaye akaongezeka Ruby Thursday, mwanasayansi ambaye badala ya kichwa ana tufe jekundu linalogeuka umbo lolote alitakalo.

Hebu angalia jambo ambalo katuni yako haina. Wenzake walipotaka kuwapenyezea jasusi The Defenders, kikundi cha mashujaa, waliuweka ubongo wa Chondu ndani ya mwili wa Nighthawk, mmoja wa mashujaa hao. Mwishowe Chondu mwenyewe akajikuta na mwili wa dude la kutisha, kazi ya wenzake, na hakuwapigia makofi. Mwaka 1989, John Byrne alipoanzisha The Sensational She-Hulk, njama ya Headmen katika matoleo ya kwanza ilikuwa kumpatia Chondu mwili wa shujaa huyo wa kike, She-Hulk. Yaani deni la ndani ya genge, lililozaliwa katika hadithi ya miaka ya 1970, liliweza kuendesha hadithi nyingine zaidi ya miaka kumi baadaye. Kisa kinazaliwa na kile wanachodaiana, na vichwa vya ajabu ni pambo tu. (Na gorila mwenye kichwa cha mtu, ukimleta Uganda, hatatisha kama kule kwao. Huku gorila ni mgeni wa heshima wa hifadhi ya Bwindi anayeingiza pesa za utalii.)

Mfano mwingine, kwa ufupi: Monster Society of Evil, genge lililowindana na Captain Marvel, shujaa wa kampuni ya Fawcett, kwa sura 25, kuanzia 1943 hadi 1945. Otto Binder aliandika, C. C. Beck alichora. Kiongozi wao, Mister Mind, alianza kama sauti tu inayotoa amri, na alipoonekana alikuwa funza mwenye miwani na kipaza sauti shingoni. Binder na Beck hawakumdhihaki. Funza yule alipanga vita vya dunia kwa uzito wote, naye hakujua kwamba anachekesha. Hiyo ndiyo sheria unayoivunja katika kurasa ulizotuma: wahalifu wako wanataniana kuhusu udogo wao, kwa hiyo msomaji hana kazi iliyobaki. Futa kila utani wanaojifanyia wenyewe.

Sasa tujenge. Wapunguze wawe wanne. Fremu moja ya upana wa ukurasa wa A5 inabeba watu wanne wanaozungumza bila kubanana. Wa tano hugeuka kichwa kinachochungulia pembeni. Moto na radi ni nguvu moja iliyovaa nguo mbili, na wanasayansi watatu hufanya kazi ya mmoja. Kila mmoja apewe uwezo mmoja mdogo, mpaka mmoja ulio wazi na deni moja kwa mwenzake. Huu hapa mfano, na unaweza kuuchukua kama ulivyo.

Kiongozi ni Mwenye Nyumba. Hana nguvu yoyote. Ana vyumba vinne vya kupanga nyuma ya soko, na wenzake watatu wanadaiwa kodi. Wa pili ni Mama Mizani: kitu chochote anachokigusa huwa kizito maradufu, au hupungua nusu, kwa muda wote atakaobana pumzi. Mwekee sekunde 40 na usizibadilishe kamwe, hata hadithi ikikubana. Wa tatu ni Redio. Anasikia simu zote zinazozungumzwa ndani ya mita 40, ila anaelewa lugha mbili tu, katika nchi yenye lugha zaidi ya arobaini. Wa nne ni Mkalimani, anayeelewa lugha yoyote, lakini kila anachokitafsiri hukiamini. Umeona jinsi Redio asivyofaa kitu bila Mkalimani? Uhitaji huo ndio unaowaweka chumba kimoja watu wasiopendana. Kodi inawafungia mlango.

Kisiwa cha volkano kiache. Wewe ni mtu wa Tororo. Mwamba wenu wenyewe ni shina la volkano iliyokufa zamani, na chini yake kuna barabara ya malori ya Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Maskani ya wahalifu wadogo yawe mahali ambapo kitu kikubwa kinapita kwenye tundu dogo. Shehena kubwa ya mafuta na bidhaa za Uganda hupitia Malaba na Busia, na kila lori zito hupimwa njiani. Anzia kwenye mizani.

Hatua ya kwanza ya mpango iwe ndogo na ifaulu kabisa. Chini ya sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori haliruhusiwi kuzidi tani 56 kwa jumla, na kila kundi la ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, lina kikomo chake: ekseli ya usukani tani 8, kundi la ekseli mbili tani 18, kundi la ekseli tatu tani 24. Lori la ekseli sita la kawaida kwa hiyo linaishia tani 50. Mama Mizani hana haja ya kuligeuza lori zima. Anauza chai na mandazi kando ya mizani. Kundi la ekseli mbili lenye tani 17 likipanda, anagusa tairi, anabana pumzi, na skrini inasoma 34. Lori linarudishwa. Malori matatu mabovu ya Mwenye Nyumba yanapopita, anafanya kinyume chake, nayo yanavuka na mzigo maradufu. Katika kurasa tano wana pesa na foleni ya kilomita kadhaa, na bei ya sukari Kampala imeanza kupanda. Msomaji yeyote aliyewahi kukwama nyuma ya malori pale ataona jambo hili linawezekana. Kituo kipe jina la kubuni na maofisa wake wawe waaminifu. Ofisa akiwa mla rushwa, uwezo wa Mama Mizani hauhitajiki tena na hadithi imekufa.

Hatua ya pili, dhahabu. Ni miongoni mwa bidhaa kubwa zinazosafirishwa nje kutoka Uganda, huuzwa kwa gramu, na dili moja hufungwa mezani kwa muda mfupi. Wakinunua ni nyepesi, wakiuza ni nzito. Usiikawize hatua hii: kurasa mbili zinatosha. Kazi yake ni kuwafundisha kwamba mtu anayeshika uzito anashika bei, ili wazo la dunia lizaliwe kutokana na kile walichokwisha kufanya. Wahalifu wako wa sasa wanaitaka dunia kwa sababu wahalifu wa katuni huitaka dunia. Hakuna msomaji anayeridhika na hilo.

Hatua ya tatu ndiyo yenye utamu. Kuanzia 1889, kilo ya dunia nzima ilitokana na kitu kimoja: silinda ya platini na iridi, asilimia 90 kwa 10, yenye kimo na upana wa takriban milimita 39, iliyotunzwa Sèvres karibu na Paris katika chumba kinachofunguliwa kwa funguo tatu zilizo mikononi mwa watu watatu tofauti. Kilo maana yake ilikuwa uzito wa kile kipande. Kingekuwa kizito maradufu, kisheria kingebaki kilo moja, na kila kitu kingine ulimwenguni kingehesabika kuwa kimepungua nusu. Kwa Mama Mizani huo ni usukani wa biashara yote ya dunia. Mpango hauna kombora wala mtambo wa kuyeyusha miji, na una mantiki kuliko mingi ya mabwana wakubwa wa uovu.

Ila tarehe 20 Mei 2019 kilo iliacha kutegemea kipande kile. Mkutano mkuu wa vipimo ulipiga kura Novemba 2018, na sasa kilo inafafanuliwa kwa namba isiyobadilika ya maumbile, namba ya Planck. Silinda bado ipo, lakini ni chuma cha thamani tu. Genge lako limechelewa.

Una njia mbili hapa. Unaweza kuiweka hadithi mwaka 2018, nao wakimbizane na tarehe ile, utapata taharuki. Au iweke leo, wafike Sèvres, wapite funguo zote tatu, Mama Mizani abane pumzi, na pasitokee lolote. Mimi ningechagua ya pili. Mkalimani alitafsiri kitabu cha zamani cha vipimo, na akitafsiri anaamini, hivyo hakuwa na sababu ya kuangalia mwaka kilipochapwa. Redio naye alikwisha kusikia simu ya Mfaransa iliyotaja mabadiliko yote, ila Kifaransa hakijui, na wiki ile hakuwa akisemezana na Mkalimani kwa ajili ya mgao wa kodi. Ugomvi huo uuonyeshe ukurasa wa 7, katika fremu ndogo, wakibishania bili ya umeme. Anguko lije ukurasa wa 18. Hakuna shujaa aliyewagusa.

Nasema ukurasa wa 18 kwa makusudi. Katika kitabu kilichokunjwa, ukurasa wa kwanza upo kulia, kwa hiyo namba shufwa, yaani zinazogawanyika kwa mbili, huonekana pale tu msomaji anapofunua karatasi. Kila unachotaka kimshtue kiweke kwenye shufwa. Ukiliweka anguko ukurasa wa 19, jicho lake litaliona kabla hajamaliza wa 18, na kazi yote imepotea.

Kuhusu majina. Mmoja wa wahalifu wako ana jina la ukoo ambalo kila Mganda, Mteso au Mgisu akilisoma atajua linatoka upande gani. Kwa wahalifu, hilo ni kujitafutia balaa: mjadala utakuwa wa kabila na si wa hadithi. Lakabu za kazi zinaondoa shida hiyo, tena zina faida nyingine. VJ wa kibanda cha video, anayetafsiri filamu papo hapo, anaweza kuzipigia kelele na mtoto wa mwisho kwenye benchi akajua nani amefika. Jaribu kulitamka jina kwa sauti. Likizidi silabi sita, lipunguze.

Kiswahili chao pia kiangaliwe. Nchini Uganda lugha hii bado ina mwangwi wa kambi na vizuizi vya barabarani, hasa kwa wazee waliouona utawala wa Amin, na baraza la mawaziri kuamua 2022 kwamba ifundishwe shuleni kwa lazima hakujaufuta. Mhalifu anayefoka “Kaa chini! Toa kitambulisho!” anamrudisha msomaji mtu mzima mahali ambapo hukukusudia kumpeleka, na kicheko kinakwisha. Gawanya sauti. Mwenye Nyumba azungumze kwa upole wa kuudhi wa mtu anayedai pesa zake: “Mwanangu, tarehe imefika.” Mama Mizani awe na Kiswahili cha mpakani, cha haraka, kilichojaa bei. Mkalimani aseme sanifu iliyopigwa pasi. Redio akatekate maneno, kwa maana kila wakati kuna simu nyingine masikioni mwake. Amri za kijeshi asipewe yeyote.

Wingi wa maneno ndio uliozifanya kurasa zako nyingi zisisomeke. Waandishi wa katuni za Marekani walizoea kikomo cha maneno 25 kwa kiputo na 35 kwa fremu. Usikinakili. Neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa, hivyo “hatutawaruhusu” linajaza mstari mzima wa kiputo chembamba. Jiwekee maneno 15 kwa kiputo, viputo viwili kwa fremu, fremu tano au sita kwa ukurasa. Neno lisipoenea, livunje mwisho wa silabi, hatuta-waruhusu, wala usivunje katikati ya “ng’” au “mb”. Anayezungumza kwanza achorwe kushoto. Inaonekana kama jambo dogo, lakini kwenye rasimu yako ukurasa wa 12 jibu linasomwa kabla ya swali.

Wachore kwa umbo kwanza, rangi baadaye, kwa sababu utachapisha kwa wino mweusi. Paka kila mhusika weusi mtupu kwa kimo cha sentimita 2, usipomtambua, mbadilishe. Mama Mizani avae gomesi: mabega yale yaliyochongoka yanamtambulisha hata akiwa kivuli ukutani, na mshipi wake mpana unaweza kuficha silinda. Mwenye Nyumba awe na kanzu, koti na daftari kubwa la kodi. Redio awe mfupi, masikio yakifunikwa na vipokea sauti juu ya kofia ya sufu. Mkalimani mrefu, mwembamba, na faili kwapani.

Chora kwenye A4 na upunguze hadi A5, yaani asilimia 71. Mstari wa milimita 0.5 utabaki 0.35, na huo unachapika. Kalamu ya 0.2 itakatikakatika kwenye karatasi ya bei nafuu kwa sababu wino hauendi sawasawa. Herufi za pointi 11 kwenye A4 zitashuka karibu pointi 8, na chini ya hapo usithubutu. Skani michoro kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu, si kijivu. Kijivu hugeuzwa vitone na mchapaji, na vitone kwenye nyuso hufanana na ugonjwa wa ngozi. Kivuli kifanye kwa mistari. Michoro inayofika ukingoni iongezwe milimita 3 za kukatwa kila upande, na maneno yakae angalau milimita 8 ndani.

Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, maana karatasi moja ya A4 ikikunjwa inatoa kurasa nne za A5. Kurasa zako 40 zitapungua: mpango huu unakwisha katika 20, ukiongeza ukurasa wa kuwatambulisha wahusika, wa kwanza kabisa wa hadithi ijayo na mbili za matangazo unapata 24, ambazo ni karatasi sita, na jalada lake kando. Kabla hujaenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, kunja karatasi sita tupu na uandike namba kila ukurasa kwa mkono. Karatasi ya nje inapaswa kuwa na 24 na 1 upande mmoja, 2 na 23 upande wa pili. Mpe mchapaji kijitabu hicho pamoja na faili. Kosa linalotokea zaidi ni kurasa kupangwa kwa mfuatano wa faili badala ya mkunjo, na likishafika kwenye pini, hakuna marekebisho. Omba nakala moja ya majaribio, uisome yote, ndipo uruhusu mashine iendelee. Kama nakala ni chache, dijitali inatosha. Ofseti ina gharama ya bati za kuchapia mwanzoni, basi inalipa pale tu nakala zikiwa nyingi.

Neno Headmen liondoke kwenye jalada, pamoja na tufe jekundu ulilompa mhusika wako wa kike. Hao ni mali ya Marvel, na kubadilisha jina tu hakutoshi ikiwa umbo ni lilelile. Wazo la genge dogo linalotaka dunia halina mwenyewe. Kazi yako mwenyewe inalindwa na sheria ya haki miliki ya Uganda ya 2006 tangu unapoichora, bila kusajiliwa. Kusajili kwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, ni hiari, ila kunasaidia ukifika mahali pa kuthibitisha nani alianza. Skani kurasa zote, ziandike tarehe, na zibaki kwako kabla faili halijatoka mkononi.